Mikono ya Musa na Mjane Asiye na Mtetezi

Dominika ya 29 ya Mwaka C
Masomo: Kut 17:8-13, 2 Tim 3:14 – 4:2, Lk 18:1-8



Masomo ya Dominika ya leo yanatuonyesha watu wawili waliochoka. Wa kwanza ni Musa. Yuko juu ya kilima, ameinua mikono, na kule bondeni Yoshua anapigana na Waamaleki. Mikono inapokuwa juu, Waisraeli wanashinda, inaposhuka, wanashindwa. Lakini Musa ni mzee, na mikono ya mzee ni mizito. Basi Haruni na Huri wanamletea jiwe akalie, kisha wanasimama mmoja upande huu na mwingine upande wa pili, wanamtegemeza mpaka jua linapokuchwa. Wa pili ni mjane wa Injili. Naye yumo vitani, ijapokuwa vita vyake havina panga: ana mdai wake, na ana hakimu asiyemcha Mungu wala kumjali mtu. Mjane huyu hana jiwe la kukalia. Hana Haruni wala Huri. Anakwenda peke yake, anarudi peke yake, na kesho anakwenda tena.

Sisi wahubiri tumezoea kusema juu ya mama huyu: tazameni udumifu wake, nanyi dumuni hivyo katika sala. Na ndivyo ilivyo, kwa maana Mwinjili Luka mwenyewe anatueleza kwamba Bwana alitoa mfano huo ili tusali pasipo kukata tamaa. Leo, hata hivyo, naomba ruhusa yenu nisimame kidogo mahali ambapo kwa kawaida tunapita haraka, yaani mlangoni pa mahakama. Mbona mjane huyu alikuwa peke yake? Majirani walikuwa wapi? Walikuwa wapi wale waliosoma Torati katika mji ule? Kwa maana Torati ilikuwa imekwisha kuagiza waziwazi kwamba mjane na yatima wasionewe. Sheria ilikuwapo, na haki ilikuwa yake. Alichokosa ni mtu wa kusimama upande wake na kusema: mheshimiwa, mama huyu anadai kilicho chake.

Ndiyo sababu nataka tuzungumze juu ya wanasheria wanaojitolea, yaani mawakili na wasaidizi wa kisheria wanaotoa saa zao kuwasikiliza na kuwatetea bila malipo watu wasio na uwezo. Huenda mmoja wenu akasema: Padre, hayo ni mambo ya serikali na mahakama, si ya mimbari. Sidhani. Katika matendo ya huruma ya kiroho, ambayo tulijifunza tangu utoto, kuna kuwafundisha wasiojua na kuwashauri wenye mashaka. Mtu aliyeshika mkononi karatasi ya wito wa mahakama, asijue imeandikwa nini wala itamfikisha wapi, huyo ni mwenye mashaka kuliko wengi wanaokuja kwangu na maswali ya imani.

Nchi yetu haina upungufu wa sheria za kumlinda mnyonge. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua haki ya mke katika mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatamka kwamba mila inayomnyima mwanamke haki halali ya kumiliki au kutumia ardhi haina nguvu. Haya yote yameandikwa na kupigwa chapa. Lakini kitabu kiko mjini na mjane yuko kijijini. Kwa miaka mingi mahakama za juu ziliandika hukumu zake kwa Kiingereza; ni mwaka 2021 ndipo Bunge lilipopitisha mabadiliko ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Tena mawakili walio wengi wanafanya kazi zao katika miji mikubwa, kwa sababu huko ndiko waliko wateja wenye kuweza kulipa. Siwalaumu, nao wana kodi ya ofisi na ada za watoto. Ila matokeo yake ni kwamba, katika wilaya nyingi, mtu anayetafuta ushauri humkuta kwanza kishoka. Mnamfahamu kishoka: yule bwana mwenye mkoba uliochakaa, anayekaa kivulini jirani na mahakama, ambaye hakusomea sheria popote, anayeandika hati ya madai kwa bei ya mbuzi, na siku ya shauri haonekani.

Katika parokia moja ya milimani nilikotumikia miaka iliyopita, alikuwako mama aliyefiwa na mumewe. Baada ya arobaini, kikao cha ukoo kilimpendekeza shemeji yake awe msimamizi wa mirathi, na Mahakama ya Mwanzo ikamteua. Mama hakupinga, alidhani ndivyo inavyopasa. Mwaka haukuisha, shemeji akaanza kuuza. Kwanza mbao, kisha ng'ombe, mwishowe akapokea fedha za kutanguliza kwa nusu ya shamba la kahawa. Mama alipouliza, aliambiwa: mahakama imenipa mimi, karatasi hii hapa, ina muhuri. Na kweli karatasi ilikuwa na muhuri. Wapendwa, ninyi mnaokaa vijijini mnajua muhuri ulivyo na nguvu. Mama yule aliuona muhuri, akaanza kufunga mizigo.

Siku ya pili baada ya Noeli, kijana mmoja wa parokia ile, aliyekuwa wakili mjini na amekuja kuwasalimu wazazi wake, aliketi kwenye benchi nje ya kanisa baada ya Misa. Mwenyekiti wa WAWATA akamletea yule mama. Kijana hakutoa hotuba. Alisema tu: "Shikamoo mama. Naomba niione hiyo karatasi." Akaisoma mara mbili. Kisha akamwambia: "Mama, hapa wamemteua msimamizi. Hawajamteua mwenye mali. Msimamizi anakusanya mali ya marehemu, analipa madeni, anawagawia warithi, na anarudi mahakamani kutoa hesabu. Je, amerudi?" Mama hakujua. Wala sisi wengine tuliosimama pale hatukujua kwamba msimamizi anatakiwa kurudi, kwamba anatakiwa kuorodhesha mali katika fomu maalumu ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa, na baadaye kutoa hesabu ya alichofanya. Tulidhani karatasi ile ndiyo mwisho wa safari, kumbe ndiyo mwanzo.

Wakati ule wakili hakuruhusiwa kumwakilisha mtu katika Mahakama ya Mwanzo. Kijana yule, basi, asingeweza kwenda kusimama mbele ya hakimu badala ya mama. Alifanya jambo lingine. Aliandika barua kwa mkono, ya ukurasa mmoja, akamsomea mama mstari kwa mstari mpaka mama akaweza kuieleza kwa maneno yake mwenyewe. Akamfundisha amkabidhi nani barua ile, aombe nakala ipigwe muhuri wa kupokelewa, na aiweke wapi. "Muhuri huo sasa utakuwa wako," alimwambia. Mama alikwenda mwenyewe. Shemeji akaitwa, hakuwa na orodha wala hesabu, uteuzi wake ukatenguliwa, na mahali pake wakawekwa mama na mwanawe mkubwa. Mnunuzi wa shamba ikabidi arudishiwe fedha zake, ijapokuwa, kama mjuavyo, hilo lilichukua muda mrefu kuliko hukumu yenyewe.

Miezi kadhaa baadaye mama alileta jogoo kwa ajili ya wakili. Wakili akakataa, akisema kwamba kazi ile haina malipo. Mama akasema jogoo si malipo, ni asante. Kwa kuwa mabishano yalifanyika mlangoni pa nyumba ya mapadre, nanyi mnajua jinsi mapadre tulivyo wapatanishi, jogoo yule alibaki kwetu.

Kijana yule alitumia muda gani? Nadhani saa tatu, tukihesabu na chai. Kwa saa tatu za mtu mwenye ujuzi, familia ilibaki kwenye ardhi yake. Saa tatu zangu mimi zisingeweza kufanya kazi ile, hata kama ningesali na mama yule usiku kucha. Ningeweza kumfariji tu. Faraja ni jambo jema, lakini mama alihitaji kwanza kujua tofauti kati ya msimamizi na mrithi.

Kanisa lina mtakatifu ambaye aliielewa kazi hii tangu zamani. Ni Mtakatifu Ivo, aliyezaliwa mwaka 1253 mahali paitwapo Kermartin, katika Bretagne, ambayo leo ni sehemu ya Ufaransa. Alisomea sheria katika miji ya Paris na Orléans, akawa hakimu katika mahakama ya Kanisa, akapewa upadre, na kwa muda wote huo akawatetea wajane, yatima na maskini bila kudai chochote. Alifariki tarehe 19 Mei 1303, na Papa Klementi VI akamtangaza mtakatifu mwaka 1347. Hadi leo yeye ni msimamizi wa wanasheria, na kwa kuwa wanasheria wana sifa zao midomoni mwa watu, inasemekana watu wa kwao walistaajabu sana kumwona mwanasheria asiyewanyang'anya.

Inasimuliwa kwamba katika mji wa Tours kulikuwa na mjane mwenye nyumba ya wageni. Wafanyabiashara wawili walimwachia sanduku, wakamwambia: usimpe mmoja wetu peke yake, tupe tukiwa sote wawili pamoja. Baada ya siku chache mmoja akarudi na maneno matamu, akasema mwenzake amemtuma. Mjane akampa sanduku, na mtu yule akatoweka. Kisha akaja wa pili, akamshitaki mjane, akidai kwamba sandukuni mlikuwa na dhahabu nyingi. Shauri lilielekea kumwangamiza mama, kwa sababu ni kweli alivunja sharti. Ivo alikuwa mgeni katika nyumba ile, akaomba amsemee. Akasimama mbele ya hakimu, akasema hivi kwa ufupi: mama yuko tayari kulitoa sanduku, lakini mdai mwenyewe amekiri kwamba sharti lilikuwa kulitoa mbele ya watu wawili. Na amlete basi mwenzake, nasi tutalitoa. Mdai akabadilika rangi, akaanza kutetemeka; hakimu akashuku, akaamuru akamatwe, ikagunduliwa kwamba watu wale wawili walikuwa matapeli waliopanga jambo lile tangu mwanzo, na sanduku halikuwa na dhahabu yoyote.

Wapo wataalamu wanaoiona hadithi hii kuwa imetiwa chumvi, nami sitabishana nao. Mimi hunigusa jambo moja ndani yake. Ivo hakuleta sheria mpya. Hakuwa na shahidi wa siri. Alichukua sharti lile lile lililokuwa linamnyonga mama, akalisoma hadi mwisho. Mama alilijua sharti neno kwa neno, lakini hofu ilikuwa imemfumba macho asione kwamba linamlinda. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa mama wa milimani na karatasi yake yenye muhuri. Mara nyingi maskini ameishika haki yake mkononi, imekunjwa mara nne, imo katika mfuko wa plastiki chini ya godoro, na hakuna aliyewahi kumsomea hadi mstari wa mwisho.

Katika nchi yetu kazi hii ina historia ambayo tusiidharau. Mwishoni mwa miaka ya 1960 walimu na wanafunzi wa Kitivo cha Sheria cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianza kuwapa wananchi ushauri bila malipo. Kwa majirani zetu wa Kenya, Kituo cha Sheria kilianzishwa Nairobi mwaka 1973 kwa kujitolea kwa wanasheria. Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania kilianza mwishoni mwa miaka ya 1980, Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar mwaka 1992, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu mwaka 1995. Serikali kwa upande wake ilikuwa na sheria ya mwaka 1969 iliyowapatia mawakili washitakiwa wa makosa makubwa ya jinai. Lakini mama mwenye shauri la shamba hakuguswa na sheria ile. Ilipofika mwaka 2017 ndipo ilipotungwa Sheria ya Msaada wa Kisheria, inayohusu pia mashauri ya madai, na inayowatambua wasaidizi wa kisheria, yaani wale ndugu zetu wa vijijini waliopata mafunzo bila kuwa mawakili. Na tangu mwaka 2023 imekuwako kampeni ya Wizara ya Katiba na Sheria iliyopeleka wanasheria katika kata na vijiji vya mikoa mbalimbali. Mtu anaweza kuwa na maoni yake juu ya kampeni. Mimi naangalia foleni. Foleni ndefu ya watu walioshika bahasha za kaki ni ushahidi kwamba walikuwa wakisubiri kwa miaka mingi.

Tena tusifikiri kwamba msaada wa namna hii unamfaa mtu mmoja tu. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua shauri la Bi Hawa Mohamed, mama aliyeachika, aliyedai sehemu ya mali iliyochumwa wakati wa ndoa. Mahakama ikasema kwamba kazi za nyumbani, kupika, kulea, kutunza nyumba, nazo ni juhudi zinazohesabiwa katika kuchuma mali ya ndoa. Sikilizeni lakini lililofuata: yeye mwenyewe, kwa sababu nyingine zilizotokana na mambo ya shauri lake, hakupata alichokuwa akikiomba. Alirudi mikono mitupu, na wanawake wengi waliokuja baada yake wakashinda kwa jina lake. Kila wakili anayemsaidia mama wa talaka leo anaufungua ukurasa ule.

Sasa kuna pingamizi ambalo nimelisikia kwa makatekista wema kabisa, na lazima nilijibu kwa heshima. Wanasema: Padre, Mtume Paulo aliwakemea Wakorintho kwa sababu walipelekana mahakamani, ndugu kwa ndugu. Je, si afadhali mambo yaishie katika Jumuiya Ndogo Ndogo, tukapatana kikristo? Naam, ni afadhali, mara nyingi sana ni afadhali. Hata sheria zenyewe zinapenda usuluhishi: tangu mabadiliko ya mwaka 2021, Baraza la Kata katika migogoro ya ardhi halitoi tena hukumu, bali linasuluhisha. Na wakili mwema wa kujitolea, nimeona kwa macho yangu, humaliza mashauri mengi mezani kuliko mahakamani.

Lakini Paulo yule yule, alipoona kwamba hatatendewa haki, alidai haki yake kama raia wa Roma na kukata rufaa kwa Kaisari. Hakuona kwamba kufanya hivyo ni kupungukiwa na imani. Aliowakemea ni ndugu waliodhulumiana na kufedheheshana, na katika maneno yake lawama kubwa iko juu ya anayedhulumu. Sisi tumeligeuza. Tunakwenda kwa aliyedhulumiwa, kwa kuwa yeye ni mpole na anatusikiliza, tunamwambia: mama, samehe, mwachie Mungu. Kwa aliyedhulumu hatuendi, kwa sababu ni mkali, au ni mfadhili wa jengo la parokia. Upatanisho wa namna hiyo hauponyi kitu. Unamwongezea mwenye nguvu baraka ya Kanisa juu ya shamba alilolipora. Nasema haya kwa ukali kidogo, na mtaniwia radhi, kwa sababu nimeona wajane waliohama kijiji huku wameshika rozari mkononi, na watu wakiwasifu kwa unyenyekevu wao. Mjane wa Injili hakuwa mnyenyekevu wa namna hiyo. Alimchosha hakimu, na Bwana akamsifu.

Kusamehe ni tendo la mtu huru. Anayejua haki yake anaweza kuisamehe yote au nusu, na msamaha wake ni zawadi kweli. Asiyeijua hasamehi, ananyang'anywa tu. Kwa hiyo wanasheria wanaojitolea si adui wa upatanisho wetu. Wanapokuja na kumweleza kila mmoja mahali anaposimama, ndipo mazungumzo ya kikristo yanapoweza kuanza.

Kwenu ninyi wanasheria mnaonisikiliza, walei wa parokia zetu, mawakili, mahakimu wastaafu, na wanafunzi wa vyuo vya sheria: najua mnatoa zaka na michango, na mara kwa mara mnatakiwa kuwa wageni wa heshima katika harambee. Parokia zinawaomba fedha kwa sababu hazijui kuwaomba jambo lingine. Kwa mwaka mzima kuna Wiki ya Sheria moja, kuelekea Siku ya Sheria mwanzoni mwa Februari, ambapo wengi wenu hukaa chini ya mahema na kuwasikiliza watu bila malipo. Ni jambo jema. Lakini notisi ya kuhama nyumba haisubiri Februari. Je, haiwezekani kwa wanasheria watatu au wanne wa dekania moja kupeana zamu, Jumamosi moja ya mwezi, katika chumba cha ofisi ya parokia? Meza ipo. Viti vipo. Na wanaokuja wasiulizwe kama ni Wakatoliki. Mama Mwislamu aliyefukuzwa na mawifi zake ana machozi yale yale.

Jambo hili lina gharama yake, sitalificha. Anayemtetea mjane anapata maadui walio na majina makubwa. Wengine watawaambia mnachochea ugomvi katika koo. Tena maskini si malaika: wako watakaowaficha nusu ya habari, na wako watakaotaka mshinde shauri ambalo kwa haki wanapaswa kushindwa. Mwambieni ukweli mtu wa namna hiyo. Kumweleza mtu asiye na fedha kwamba hana haki anayodai, kabla hajauza mbuzi wake kumlipa kishoka, ni msaada pia, na pengine ndio unaomwokolea zaidi.

Na ninyi makatekista na wenyeviti wa Jumuiya, ambao mara nyingi ndio wa kwanza kuambiwa: hamtakiwi kuwa mawakili. Hata msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa hana ruhusa ya kusimama mahakamani kumwakilisha mtu. Kazi yake ni kuelimisha, kushauri na kumwelekeza mtu mahali panapostahili. Kazi yenu ninyi ni ndogo kuliko hiyo, lakini ina haraka. Siku zinahesabiwa. Anayetaka kukata rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya ana siku 30 tu. Akija kwenu siku ya kumi, msimwambie asubiri mpaka Padre atakapozuru kigango. Anayedai ardhi iliyochukuliwa na mwingine ana miaka 12, na miaka hiyo huisha kimyakimya, huku jirani akiendelea kupanda migomba mpakani. Mwambieni mtu asitie sahihi wala dole gumba katika karatasi ambayo hajasomewa, hata kama aliyeileta ni ndugu yake wa damu. Na mtu akidai fedha kwa msaada unaoitwa wa bure, jueni kwamba huyo ni kishoka aliyebadilisha koti. Sheria ya mwaka 2017 haimruhusu mtoa msaada wa kisheria kumtoza anayesaidiwa.

Mkimpeleka mtu kwa mwanasheria, mkumbusheni abebe karatasi zote, hata zile anazodhani hazina maana: cheti cha kifo, cheti cha ndoa cha parokia au cha serikali, muhtasari wa kikao cha ukoo, risiti za zamani, barua ya mwenyekiti wa kijiji, hata kipande kilicholiwa na panya. Asipokuwa na cheti cha ndoa, mwangalie katika daftari la ndoa la parokia. Mara ngapi daftari letu limekuwa shahidi pekee aliyebaki hai. Kisha, ikiwezekana, mmoja wenu aende pamoja naye. Si kwa ajili ya kusema. Aketi karibu naye katika lile benchi la nje, amshikie mtoto, akumbuke tarehe ambayo karani ameitaja. Haruni na Huri hawakupigana na Waamaleki, wala Maandiko hayasemi kwamba walitoa neno lolote pale kilimani.

Tumwombee mjane anayekwenda mahakamani kesho Jumatatu asubuhi, na hakimu atakayemsikiliza, na yule atakayeketi karibu naye. Tumsifu Yesu Kristo.